Seti nne kwa siku: uchambuzi wa ofa ya kwanza ya dobi wa Jambiani

Mwenye duka wa Darajani au Mlandege, mjini Unguja, akibandika karatasi yenye neno "OFA", mpita njia hahitaji kusoma zaidi, kwa kuwa anajua bei imeshuka. Neno hilo limezoeleka kwa maana hiyo hata tumesahau kwamba ofa, kabla ya kuwa punguzo, ni kauli ya mfanyabiashara inayomweleza mteja atapewa nini, lini, kwa bei gani na kwa masharti gani, ili naye akubali au akatae. Kisa ninachokichambua kinamhusu mwanamke mmoja wa Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja, aliyefungua udobi na kupoteza mwezi wake wa mwanzo kwa kuzichanganya maana hizo mbili. Mimi niliingizwa katika shauri hili kwa ujamaa, kwani tunaitana kaka na dada kwa upande wa mama, na kazi yangu mjini ni mahesabu.

Dada huyu alikuwa ametumikia usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Paje kwa miaka sita. Alipoacha kazi alikuwa na akiba iliyomwezesha kununua mashine mbili za kufulia za mtumba zilizoletwa kutoka Dubai, kila moja ya kilo 8, na kuezeka banda nyuma ya nyumba ya wazazi wake, pamoja na tangi la kukingia maji ya mvua. Jina la biashara alilisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, leseni akaifuata, na mwanzoni mwa Juni, wageni wanapoanza kurudi baada ya masika, akafungua.

Karatasi aliyoichapisha na kuigawa kuanzia Kibigija hadi Kikadini ilisema kwamba anafua nguo za aina zote, kwamba kila kipande ni shilingi 500, na kwamba wateja wa mwanzo watapunguziwa asilimia 20. Waliokuja ni majirani. Walileta mablanketi mazito ambayo mwaka mzima hakuna aliyetaka kuyafua kwa mkono, wakaleta mapazia, na baadhi yao wakaomba waandikwe, walipe mwisho wa mwezi. Nyumba moja ya wageni ilileta mashuka siku moja, ikalipa, na haikurudi. Alipokuja mjini na daftari lake mwishoni mwa mwezi, alikuwa amefanya kazi kila siku na fedha za kununulia sabuni ya mwezi unaofuata hazikuwepo. Aliniuliza kama apandishe punguzo lifike asilimia 30.

Sikumjibu kabla ya kuandika hesabu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ofa nyingi za mwanzo huandikwa kabla ya hesabu hii na ndiyo maana hufa. Tulichukua chumba kimoja cha nyumba ya wageni chenye kitanda kikubwa kuwa ndicho kipimo. Chumba hicho hutoa shuka mbili, foronya nne, taulo mbili za kuogea na kitambaa kimoja cha kukanyagia mlangoni mwa bafu, jumla vipande tisa, tulivyoviita seti moja, ambavyo kwa mizani yake vilikuwa kama kilo tatu na nusu. Mashine ya kilo 8 kwa hiyo hubeba seti mbili kwa mkupuo. Sabuni, umeme na maji ya mkupuo mmoja vilimgharimu shilingi 2,600, yaani 1,300 kwa seti. Msaidizi wake hulipwa 8,000 kwa siku. Bodaboda ya kwenda na kurudi ni 2,000. Tukatenga 800 kwa kila seti iwe akiba ya mashine, maana mashine ya mtumba haitoi taarifa kabla ya kuharibika, na 1,600 kwa siku kwa ajili ya banda.

Kwa siku yenye seti nne, gharama ya seti moja inakuwa 2,000 za msaidizi, 500 za bodaboda, 1,300 za kufulia, 800 za mashine na 400 za banda, jumla shilingi 5,000. Kwa bei yake ya 500 kwa kipande, vipande tisa vilimpa 4,500, na baada ya punguzo la asilimia 20 akabakiwa na 3,600. Kila chumba alichokifua kwa ofa ile kilimtoa shilingi 1,400 mfukoni, na kama wateja wangekuwa wengi angefilisika mapema zaidi. Wahenga waliosema rahisi huvunja upishi walikuwa wanamwonya mnunuzi, lakini siku hiyo niliona kwamba onyo hilo linamfaa na muuzaji.

Hesabu ileile ilituonyesha jambo la pili, ambalo lilikuwa limejificha zaidi. Msaidizi, bodaboda na banda hulipwa sawasawa, seti ziwe mbili au nne. Siku yenye seti mbili tu, gharama ya kila seti inapanda hadi 7,900. Ofa isiyotaja kiasi cha chini kabisa cha kazi, hata ikiwa na bei nzuri, ina shimo ndani yake, na mteja mwenye busara atamtumbukiza muuzaji hapo kila anapokuwa na vyumba vichache.

Bei tukaiacha kwanza, nikamwomba anipeleke kwa yule mwenye nyumba aliyeleta mashuka siku moja na kutoweka. Ni mzee wa palepale kijijini, mwenye vyumba sita karibu na pwani. Tulimwamkia, akatukaribisha barazani, na baada ya kuulizana hali tukamuuliza bila ya kuzunguka kilichomfanya asirudi. Nilitarajia ataje bei. Alisema, "Mwanangu, mashuka yako yalikuja meupe, sina neno, lakini yalikuja alasiri na mgeni wangu alikuwa kakaa hapa ulipokaa wewe, na mizigo yake."

Sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko karatasi zote zilizogawiwa. Mgeni hutakiwa kuacha chumba saa nne asubuhi, na mgeni mwengine huingia saa nane mchana. Ndani ya saa hizo nne chumba kifagiliwe, bafu lisuguliwe na kitanda kitandikwe. Watu wa hoteli wanaojiweza huweka seti tatu kwa kila kitanda, moja ikiwa kitandani, moja ikiwa kwa dobi na moja ikiwa kabatini, ili dobi akichelewa siku moja pasitokee aibu. Mzee huyu, kama wenye nyumba ndogo wengi, alikuwa na seti mbili. Kwake yeye, shuka jeupe lililofika saa tisa na shuka chafu lililofika saa tano ni hasara zinazokaribiana. Aliyemfulia hadi wakati huo alikuwa kijana wa kazi, kwa mkono, naye alikuwa hafui vizuri sana, lakini alikuwa hapohapo nyumbani na mashuka yake yalianikwa mbele ya macho ya mwenyewe.

Dada yangu alijua haya yote. Miaka sita alikuwa ndiye anayesimama mlangoni mwa chumba akisubiri shuka. Hata hivyo, alipoandika karatasi yake hakuandika kama mtu aliyewahi kusubiri shuka. Aliandika kama kila dobi aliyepata kumwona. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba alidhani kizuri chajiuza. Methali hiyo naiheshimu, ila kwa biashara ya wiki ya kwanza naiona inapotosha, kwa kuwa kizuri hujiuza kwa mtu aliyekwisha kukionja, na mtu huyo hapatikani mpaka pawepo neno la kumfanya akubali kuonja.

Palikuwa na ujuzi mwengine ambao aliuficha bila ya kukusudia. Kule pwani ya mashariki, mashuka yakianikwa karibu na bahari wakati wa kusi hukauka upesi sana, lakini upepo huyatia chumvi na mchanga mwembamba, na kwa kuwa chumvi hushika unyevu, shuka lililokuwa kavu saa kumi huwa kama limenyunyiziwa maji mgeni anapolala. Yeye kamba zake amezifunga upande wa juu wa kijiji, nyuma ya nyumba, kwa sababu hiyo. Visima vya kule vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa na mengine yana chumvi, sabuni haitoi povu, na nguo nyeupe hugeuka rangi ya jivu. Ndiyo maana ya tangi la mvua, na likikauka hutia magadi ya kufulia kwanza.

Alinifundisha pia habari ya madoa ya krimu ya jua, ambayo sikuwahi kuisikia. Wageni hujipaka krimu hiyo mwili mzima, wakalala, na shuka huonekana safi mpaka linapofuliwa kwa maji yenye chuma. Hapo hutokea doa la rangi ya kutu, na mwenye kufua akishituka na kutia jiki, doa huzidi kukolea. Alinitolea foronya iliyoharibiwa hivyo na mtu mwengine, akakamulia ndimu kwenye pembe moja, akaitandaza juu ya jiwe, na tulipomaliza kunywa chai pembe ile ilikuwa imefifia na kubaki umanjano mdogo. Hina nayo ina shughuli yake. Piko, ile rangi nyeusi wanayopakwa wageni pwani, alisema haitoki, na dobi anayesema inatoka anamdanganya mteja.

Jioni hiyo tuliandika ofa mpya, kwa ajili ya mteja mmoja tu, na nainukuu kama ilivyokuwa: "Tunachukua mashuka, foronya na mataulo ya vyumba vyako sita kila siku saa tano asubuhi, na tunavirejesha kesho yake kabla ya saa sita mchana, vikiwa vimefuliwa, vimepigwa pasi na kukunjwa kwa kila chumba mbali. Bei ni shilingi 7,000 kwa seti ya chumba, na safari moja hailipwi chini ya seti tatu. Vitu vitahesabiwa mbele ya mtu wako wakati wa kuchukua na wakati wa kurejesha, na vyenye madoa ya hina, piko au kutu vitatengwa katika mfuko wake. Seti itakayochelewa hulipi. Makubaliano haya ni ya siku 14, na kila upande una hiari ya kuacha baada ya hapo bila ya kudaiwa neno."

Bei ya 7,000 ilimwogopesha, kwa kuwa ilikaribia mara mbili ya ile ya punguzo. Nilimwomba aangalie kinachobaki: shilingi 2,000 kwa seti, yaani 8,000 kwa siku ya seti nne, sawasawa kabisa na ujira wa msaidizi wake. Katika hesabu yetu ya gharama hatukuwa tumemwekea mwenye biashara hata senti moja, kosa ambalo nimeliona katika madaftari mengi, na 7,000 ilikuwa ndiyo bei ya kumfanya asiwe mtumishi wa msaidizi wake. Sharti la seti tatu lilikuwa na kazi hiyohiyo. Mzee akiwa na seti mbili, ama alipe 21,000 ambazo zinafunika gharama ya 15,800 ya siku hiyo, ama asubiri zitimie tatu, na saa ianze kuhesabiwa tutakapozichukua.

Kuhusu dhamana ya vitu vitakavyopotea au kuharibika, tulibishana. Baba yake, ambaye amesoma, alikumbusha kwamba kazi ya kuajiriwa inataka ujira uwe maalumu na kazi iwe maalumu, yaani vijulikane, na kwamba mafakihi wamelijadili suala la dobi na fundi kwa karne nyingi: wapo waliomtoza kilichoharibika mkononi mwake hata kama hakuzembea, na wapo waliosema mkono wake ni wa amana mpaka uzembe uthibitike. Nilifurahi kuona mjadala wa zamani ukitufaa kwa mashuka ya watalii. Tukakubaliana kwamba kitakachopotea baada ya kuhesabiwa dada atalipa, na kitakachochakaa kwa umri wake hatalipa, na kwamba kuhesabu kwa pamoja ndiko kutakakozuia ugomvi kuliko maandishi. Mfuko wa madoa ulikuwa wazo la dada mwenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya ofa yote, kwa sababu ulimweleza mteja, kabla ya kazi kuanza, nini hakiwezekani.

Mzee alisoma karatasi mara mbili, akauliza kama ile "hulipi" ni kweli, na akakubali. Punguzo hakuliomba siku hiyo.

Siku ya tatu nilikwenda kutazama makabidhiano. Msichana wa nyumba ile alikaa juu ya ngazi ya baraza akihesabu kwa sauti, dada yangu akiandika, na foronya moja ikawa haionekani. Walirudia. Kwa mtindo wa zamani, foronya ingehesabiwa kuwa imepotea kwa dobi na maneno yangefuata. Hapa ilipatikana palepale, imejikunja ndani ya shuka chafu iliyokuwa bado haijatikiswa. Makabidhiano yalichukua kama dakika kumi, na tangu siku hiyo msichana akawa anatikisa kila shuka kabla ya kulihesabu.

Siku ya tisa umeme ulikatika mchana na haukurudi mpaka usiku. Seti nne zilikuwa ndani ya maji. Dada, mdogo wake na msaidizi walifua kwa mkono hadi magharibi, asubuhi wakaanika, na kwa kuwa umeme ulikatika tena wakapiga pasi kwa pasi ya mkaa ya mama yake, iliyotoa jivu kwenye foronya moja ikabidi ioshwe upya. Mzigo ulifika saa saba na robo. Vitanda vilitandikwa kabla ya saa nane na hakuna mgeni aliyejua kitu. Mzee hakudai chochote, lakini dada yangu aliandika risiti ya siku hiyo bila ya zile seti nne, yaani aliachia shilingi 28,000, faida ya siku tatu na nusu.

Kosa la hapo lilikuwa langu, na nililikiri. Nilikuwa nimeiweka adhabu kwenye saa sita, ilhali madhara kwa mteja yanaanza saa nane. Saa sita ilikuwa saa nzuri ya kulenga, lakini ilikuwa saa mbaya ya kufilisikia. Siku ya kumi tulimwendea mzee na kumwomba tuigawe: seti itakayofika baina ya saa sita na saa nane ipunguzwe shilingi 2,000, na itakayofika baada ya saa nane isilipwe kabisa. Alikubali kwa urahisi kiasi cha kunifanya nishuku kwamba tangu mwanzo aliiona dhamana ile kuwa ni kubwa mno kwa mtu wa mashine mbili.

Siku 14 zilipotimia, daftari lilikuwa na seti 56, zilizolipwa zikiwa 52. Mapato yalikuwa shilingi 364,000 na gharama 280,000, zikabaki 84,000, ambazo ni 6,000 kwa siku. Msaidizi bado alikuwa amepata zaidi ya tajiri wake. Nilimwambia dada kwamba kwa ofa ya majaribio si matokeo ya kulilia, naye alinitazama kwa namna iliyonionyesha kwamba wanaokaa mjini na kalamu wanayaona mambo haya kuwa mepesi.

Mzee alitaka kuendelea, lakini safari hii akaomba 6,000, na hoja yake ilikuwa nzito. Alikuwa amenunua seti ya tatu kwa kila kitanda. Kuchelewa kwa siku moja hakukuwa tena kunamuumiza, kwa hiyo kile alichokuwa akikinunua kwa 7,000, yaani saa, thamani yake ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimejiandaa kumshauri dada ashikilie bei. Yeye aliomba siku moja ya kufikiri, na kesho yake akaja na karatasi aliyoiandika peke yake: atachukua mzigo siku moja na kuacha moja, bei itakuwa 6,500, na sharti la chini litakuwa seti sita kwa safari.

Nilipoipitia hesabu niliona alichokuwa amekiona. Seti nane zikifuliwa kwa siku moja, msaidizi anagharimu 1,000 kwa seti badala ya 2,000, na bodaboda 250 badala ya 500. Banda linabaki 400, kwa kuwa siku isiyo na kazi nayo huhesabiwa. Gharama ya seti inashuka hadi 3,750. Kwa bei ya chini zaidi, kila seti sasa inambakishia 2,750. Mzee alipunguziwa 500 na akaridhika.

Lililobaki lilikuwa msaidizi, ambaye siku zake za kazi zilikuwa zimekatwa nusu, naye ana watoto. Alipolisema hilo, dada yangu alimjibu asitafute kazi nyengine kwa wiki mbili, akachukua karatasi ileile, akafuta "vyumba vyako sita" na kuandika "vyumba vyako vitano", akabadilisha siku za kuchukua ziwe zile zilizobaki tupu, na akaenda nayo kwenye nyumba ya wageni iliyo upande wa pili wa skuli.